Namba ya Mtu wa Gunia

Mzee Njau wa Kinyanjui hakutaka chai ije kabla ya maombi, wala maneno yaje kabla ya chai. Kwa hiyo Nzilani alingoja. Alikuwa ametumikia polisi miaka ishirini na saba katika upelelezi, na tangu astaafu alikuwa akiwatafutia watu habari za jamaa zao katika vitabu vya zamani vya makanisa, mashamba na serikali. Kazi zote mbili zilimfundisha kwamba mwenye nyumba ndiye anayepanga saa.

Waliinama. Mzee aliongoza Baba Yetu kwa sauti nzito ya mtu aliyekuwa mzee wa kanisa hapo Ruiru kwa miaka arobaini. Nzilani alisali naye kwa moyo wote, ila macho yake hayakuwa yamezoea kufumba kabisa. Walipofika "utusamehe makosa yetu" sauti ilikuwapo. Walipofika "kama sisi nasi tuwasamehevyo" midomo ya mzee ilisimama. Ilianza tena kwenye mstari uliofuata, kana kwamba hakuna kilichorukwa.

Mwanawe wa tatu, mwanamume wa miaka arobaini hivi, alileta chupa ya chai na vikombe viwili.

"Asante, Bedan," mzee alisema. "Sasa tuachie nafasi."

Mlango ulipofungwa, alimgeukia Nzilani. "Gachanja amekufa. Umesikia?"

"Nimesikia. Miaka tisini na sita."

"Anazikwa Ijumaa, kwake Murera. Juzi watoto wake wamenitumia mtu. Ati baba yao aliacha neno: udongo wa kwanza autupe Njau. Mimi!" Aligonga kifua kwa kidole. "Nimesema nitajibu Alhamisi. Leo ni Jumanne. Inspekta, nataka karatasi. Nataka nijue kama ni yeye, ama si yeye. Nikitupa udongo kwa heshima juu ya mtu aliyemuua baba yangu, nitamwambia baba nini tukikutana?"

"Nieleze tangu mwanzo, kama mtu asiyejua lolote."

Alieleza. Mei 1954, shamba la kahawa la Karuguto, hapo hapo ambapo leo kuna maghorofa ya kukodisha. Askari wa mkoloni waliwapanga wafanyakazi wote mstari mmoja. Mbele yao, juu ya kiti, aliketi mtu aliyevikwa gunia la kahawa kichwani hadi magotini, lenye matundu mawili ya macho. Watu walimwita Gakunia. Kila mfanyakazi alipitishwa mbele yake. Akitikisa kichwa, unapanda lori. Alitikisa kichwa kwa Kinyanjui, baba yake Njau. Mwaka 1956 habari ilikuja kwamba Kinyanjui amefia kambini. Kaburi hawakuonyeshwa.

"Na huyo Gakunia ulimjuaje kuwa ni Gachanja?"

"Miguu. Gunia halikufika chini. Alikuwa amevaa akala, vile viatu vya tairi, zilizoshonwa kwa waya wa shaba. Hapo shambani ni Gachanja peke yake alikuwa na akala za namna hiyo."

"Uliziona?"

"Niliziona."

"Ulikuwa na miaka minane. Ulisimama wapi?"

"Nyuma ya mama."

"Nyuma upande gani? Uliona kiti?"

Mzee alizungusha kikombe. "Mama alinifunika uso na shuka yake."

"Basi miguu iliyoonekana, aliyeiona ni nani?"

"Baba mdogo, ndugu ya baba. Bedan. Alikuwa mstarini. Aliniambia mwenyewe, wiki ile tulipomzika mama, kwa sababu mama naye hakukaa mwaka. Bedan ndiye aliyenilea, Inspekta. Alinipeleka shule begani mvua ikinyesha. Sina ndugu, kwa hiyo mtoto wangu wa tatu nikampa jina lake."

Nzilani aliandika: *Chanzo ni Bedan, si Njau.*

"Gachanja aliwahi kukana?"

"Alikuja hapa mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa kijana, nikamwachilia mbwa. Mara ya pili ilikuwa mwaka 1989, mwaka mmoja baada ya Bedan kufa. Nilikuwa nyuma ya lango hilo hapo nje, naona viatu vyake kwa chini. Akapiga hodi mara tatu. Sikujibu. Viatu vikakaa hapo, vikakaa, halafu vikaenda." Alisema hivyo kama mtu anayesimulia ushindi. "Na dharau yake! Alimwita mtoto wake Kinyanjui. Jina la baba yangu! Mtu anakuua, halafu anavaa kofia yako."

"Mzee, una karatasi zozote za zamani?"

"Za Gachanja? Ziwe hapa zinatafuta nini?"

"Za nyumba hii. Mimi huanza na kilichomo nyumbani kwa anayeuliza. Kisha ndipo naenda mbali."

Aliunyooshea kidole mkebe wa biskuti uliokuwa juu ya kabati, karibu na picha ya mtu mwembamba mwenye kofia. Ndani mlikuwa na cheti cha ubatizo, barua za shule, kitambulisho cha zamani chenye kurasa zilizogeuka rangi ya chai, na mkufu wa bati. Nzilani alipanga kila kitu mezani na kukipiga picha kwa simu, pande zote mbili, bila kusoma. Kusoma angesoma baadaye. Mezani kwa watu alipiga picha tu, uso wake usije ukaonyesha alichokisoma.

"Hizo ni za Bedan, huyo wa kwenye picha," mzee alisema. "Hazitakusaidia. Ni kumbukumbu tu."

"Pengine," alisema Nzilani.

---

Murera turubai lilikuwa limeshafungwa. Chini yake wanawake sita walikuwa wakimenya viazi, na mmoja alipomwona Nzilani na mkoba wake wa ngozi aliita, "Tabby! Mtu wa serikali amekuja kuhesabu viazi!"

"Ahesabu na amenye," alijibu mwanamke wa miaka sitini na kitu, akijipangusa mikono kwa leso. "Karibu, mama. Mimi ndiye Tabby, binti ya marehemu."

Nzilani alitoa pole, akaketi, akachukua kisu. Walimenya kwa muda kabla hajasema ametumwa na nani. Aliposema, kisu cha Tabby kilisimama.

"Njau ametuma mpelelezi kwa matanga ya baba yangu."

"Ametuma mtu aulize. Angeweza kukaa kimya."

"Hiyo ni kweli. Kukaa kimya anaweza." Tabby alitupa kiazi kwenye karai. "Uliza."

"Baba yako aliwahi kuwa homugadi?"

Wanawake wengine waliinamia viazi vyao. Mkoloni alikuwa amewapa baadhi ya watu silaha wawalinde wengine, na jina hilo halijapoa mpaka leo.

"Alikuwa," Tabby alisema. "Sitakudanganya na baba analala mochari. Kutoka Julai mwaka huo. Aliambiwa achague mkuki ama lori. Alichukua mkuki. Alilinda daraja miezi mitano."

Nzilani aliandika: *Homugadi. Julai 1954.* Haikuwa habari njema. Gakunia wengi walizawadiwa kazi hiyo.

"Namba yake ya kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, unaijua?"

"Kipande alikichoma siku ya uhuru, hapo kwa shimo la takataka. Akaimba."

"Kuna karatasi nyingine?"

Tabby aliingia ndani, akarudi na bahasha ya kanisa. Ilikuwa na vyeti vya ubatizo vya watoto saba. Nzilani aliviweka kwa mfuatano wa miaka. Kwa desturi ya Wagikuyu orodha ya namna hiyo husomeka kama ramani: mwana wa kwanza hupewa jina la babu upande wa baba, wa pili la babu upande wa mama, wa tatu la ndugu mkubwa wa baba. Wa kwanza alikuwa Maina, sawa. Wa pili Kamande, sawa. Wa tatu, aliyezaliwa 1957, alikuwa Kinyanjui.

"Baba yako hakuwa na ndugu mkubwa?"

"Alikuwa naye. Mwangi." Tabby alicheka kidogo, bila furaha. "Mwangi alikasirika miaka minne. Alikuwa akipita hapa bila kusalimia hata ng'ombe. Ati karukwa kwenye zamu yake kwa ajili ya mtu wa mbali. Baba alimwambia, wewe unaishi, una watoto, jina lako halitapotea. Kinyanjui ameacha mtoto mmoja, na mtoto mmoja ni kama yai mkononi."

"Njau anasema ilikuwa dharau."

"Dharau! Mtu anampa adui wake mtoto?" Alichukua kiazi kingine. "Tulimwambia baba, mwendee, mweleze. Akasema alikwenda. Wakati tulikuwa wadogo, mama alimsukuma sana, aseme anachojua. Mimi nilikuwa chini ya meza, nilisikia. Alimjibu, 'Mtoto yule amebakiwa na mtu mmoja tu.' Basi. Kila mara ni hivyo hivyo. Mtoto yule amebakiwa na mtu mmoja tu."

"Alimaanisha nini?"

"Ningejua ningekuwa nimelala usingizi mzuri. Wewe ndiye mpelelezi."

---

Jumatano asubuhi Nzilani alishuka Thika, Eneo la Viwanda, akaingia kwenye ghala lenye mabati ya kijani katikati ya kiwanda cha juisi na kiwanda cha uzi. Mashamba ya kahawa yalipouzwa na kukatwa viwanja, vitabu vyao vilirithiwa na mtu yeyote aliyekuwa na nafasi. Vya Karuguto vilikaa hapo, katika chumba kilichonuka panya na mananasi, chini ya ulinzi wa karani aliyeitwa Firdaus.

"Madam Nzilani! Sasa?"

"Poa, mwanangu. Habari ya mtoto?"

"Anatembea, anavunja. Nimekutolea zile vitabu ulisema kwa simu. Hiyo ya wafanyakazi 1951 mpaka 55 ni nzito kama dhambi."

"Dhambi zina namba za kurasa?"

"Hii inazo. Ukiona za kwangu ruka."

Nzilani alitandaza karatasi aliyonakili kwenye hifadhi ya taifa, Nairobi, zamani alipokuwa akimtafutia mtu mwingine habari za Karuguto. Ilikuwa orodha ya siku ile: tarehe 11 Mei 1954, majina ya watu thelathini na wanne waliopandishwa lori. Karani wa mkoloni hakuandika jina la Gakunia. Alimficha. Lakini hakuna karani asiyependa kujaza kila safu, na chini ya neno "ametambuliwa na" alikuwa ameandika namba ya kipande, ile ile mara thelathini na nne: KBU 41907. Kila mtu mzima alikuwa na namba yake moja, na hakuna wawili waliochangia.

Akafumba macho, safari hii kabisa. "Bwana, nisikose ninachotakiwa kukiona," alisema kwa sauti ya chini, "na usiniache nione nisichotumwa."

"Amina," alisema Firdaus kutoka upande wa pili wa meza, akivaa glavu.

Alifungua kitabu. Majina yalipangwa kwa herufi, wino wa bluu, mwandiko wa kuinama. Alikwenda kwa Gachanja. Kulikuwa na akina Gachanja watatu, na mtu mwenye haraka angemchukua wa kwanza. Nzilani alisoma baba zao mmoja mmoja hadi akampata Gachanja wa Maina, mkata miti. KBU 38226.

Akasoma tena. Tatu, nane, mbili, mbili, sita.

"Si yeye," alisema.

"Pengine karani alikosea namba?"

"Mara thelathini na nne? Lakini umeuliza vizuri. Tusitegemee namba peke yake." Alifuata mstari wa Gachanja hadi safu za siku. Kwenye Mei, kuanzia tarehe tisa hadi kumi na nne, badala ya alama ya kazi, kulikuwa na maneno: yuko zahanati, amejikata mguu wa kulia kwa panga, hawezi kusimama.

Alilitazama neno *mguu* kwa muda. Mtu aliyesema aliona miguu ya Gachanja chini ya gunia alikuwa amechagua kiungo kile kile ambacho siku hiyo kilikuwa kimefungwa bandeji kitandani.

"Kuna mtu mwingine aliwahi kuomba kitabu hiki?" aliuliza.

"Mara moja tu. Mzee sana, na mkongojo. Miaka mitatu imepita. Alisema anataka ukurasa wa jina lake, ampelekee mtu." Firdaus alivua glavu moja polepole. "Bosi alikuwa amesema hakuna kitabu kutoka bila barua. Nikamwambia alete barua ya chifu. Akasema sawa. Akaweka kidole kwa daftari la wageni, akaenda. Hakurudi. Kwani alikuwa nani?"

"Alikuwa huyu," Nzilani alisema, kidole chake kikiwa kwenye mstari wa mkata miti.

Firdaus aliivua glavu ya pili. Alikwenda kuchemsha maji.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kuchosha tu. Kitabu kilipangwa kwa majina, naye alikuwa na namba. Alianza ukurasa wa kwanza. Alishuka na rula, mstari kwa mstari, watu mia nne na sitini. Hakuwa na haja ya kwenda mbali. Herufi ya pili, ukurasa wa tisa, rula ilisimama.

Bedan wa Njau. Kazi: stoo ya magunia. KBU 41907.

Tarehe 11 Mei: amechukuliwa na afisa asubuhi, amerudi saa nane. Tarehe mosi Juni: amepandishwa kuwa nyapara.

Nzilani alitoa simu. Alipitia picha za mkebe wa biskuti hadi kwenye kitambulisho chenye kurasa za rangi ya chai, akakuza ukurasa wa kwanza. Wino ulikuwa umefifia, lakini tarakimu zilisomeka. Nne, moja, tisa, sifuri, saba. Ilikuwa juu ya kabati la Njau muda wote huo, karibu na picha ya mtu mwenye kofia.

Firdaus alirudi na chai. "Umepata?"

"Nimepata."

"Mbona basi unakaa hivyo?"

"Mtoto yule amebakiwa na mtu mmoja tu," alisema Nzilani, akachukua kikombe.

---

Alhamisi saa kumi na mbili jioni, Bedan mdogo alimfungulia lango. Mzee alikuwa ameketi mahali pale pale. Hakutaja maombi.

"Umeniuliza swali moja," Nzilani alisema. "Kama Gakunia alikuwa Gachanja. Jibu ni hapana. Siku ile alikuwa zahanati na mguu uliokatwa, hawezi kusimama. Hii hapa picha ya ukurasa. Hii ni namba yake, na hii ni namba ya Gakunia. Hazifanani. Jibu hilo likikutosha, mzee, nafunga faili, na kesho unaenda Murera ukiwa na karatasi yako."

Njau alivaa miwani. Alisoma kwa kidole. Alisoma mara ya pili.

"Akala," alisema.

"Hakuwa na akala siku hiyo. Alikuwa na bandeji."

"Lakini Bedan aliona..." Nje, mtu alikuwa akifua, maji yakimwagika kwenye beseni. "Hii namba ni ya nani?"

"Hukuniuliza hilo."

"Sasa nakuuliza."

"Mzee, hilo huwezi kulirudisha nikishakupa."

"Nina miaka sabini na tisa. Nitarudisha nini? Nipe."

Nzilani aliinuka, akachukua mkebe juu ya kabati, akauweka mbele yake. Kisha akaweka orodha ya mkoloni kando yake. "Soma mwenyewe. Usichukue neno langu. Safari hii usichukue neno la mtu."

Vidole vya mzee vilitafuta kitambulisho. Alikifungua kwa uangalifu, kama alivyozoea kukifungua kila mwaka siku ya kumkumbuka Bedan. Akasoma kwa sauti, tarakimu moja moja, kutoka kulia hadi kushoto, halafu kutoka kushoto hadi kulia.

Hakulia. Alikaa na mdomo wazi kidogo, mkono ukiwa juu ya ile karatasi kuizuia isiruke, ingawa upepo haukuwapo.

"Alinibeba begani," alisema. "Mvua ikinyesha."

"Ndiyo."

"Na Gachanja alijua?"

"Nadhani alijua. Ushahidi nilio nao ni maneno mawili matatu tu." Akamweleza alichosikia Tabby akiwa chini ya meza. Akamweleza vyeti saba vya ubatizo na hasira ya Mwangi. Akamweleza mzee mwenye mkongojo aliyerudishwa kwenye mlango wa ghala kwa kukosa barua ya chifu.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo alinyamaza ili nipate kula."

Nzilani alikifunga kile kitambulisho, akakirudisha kwenye mkebe.

"Mwaka huo wa themanini na tisa," mzee alisema, "Bedan alikuwa amekufa. Nilikuwa mtu mzima, na watoto wangu. Alikuja kuniambia. Si ndiyo?" Alitazama dirishani, upande wa lango. "Nilikuwa naweza kuvigusa vile viatu."

Mlango ulifunguka. Mwanawe aliingia na chupa ya chai. "Baba, mbona mmekaa gizani? Niwashe taa?"

Njau alimgeukia. Alifungua kinywa kumwita jina, kama alivyomwita mara elfu kumi, na jina halikutoka. Mwanawe alisubiri, chupa mkononi.

"Washa," mzee alisema hatimaye. "Washa, mwanangu. Halafu unitolee suti nyeusi."

---

Murera, Ijumaa, jua lilikuwa kali na udongo mwekundu ulikuwa umerundikwa pande zote mbili za shimo. Watu walimpisha Njau bila kuambiwa. Alitembea ameshikwa mkono na mwanamume wa miaka sitini na minane, mfupi, mwenye mvi, ambaye Tabby alikuwa amemsukuma mbele: "Kinyanjui, nenda umshike."

Nzilani alisimama nyuma, karibu na wanawake wa viazi. Mchungaji aliinua mkono, na watu mia tatu wakaanza Baba Yetu. Alimtazama Njau, kama alivyozoea. *Utusamehe makosa yetu*, mzee alisema, na safari hii kwa nguvu. *Kama sisi nasi tuwasamehevyo.* Midomo yake ilisimama. Ilijaribu, ikatetemeka, ikafungwa. Sasa kulikuwa na mtu mwingine aliyesimama katikati ya mstari ule, mwembamba, mwenye kofia, aliyembeba mtoto begani.

Tabby aliona pia. Alimwinamia Nzilani sikioni. "Na huyu anafaa kutupa udongo?"

"Baba yako alimchagua."

"Baba yangu," Tabby alisema, akijifuta kwa leso, "alikuwa mtu wa kusubiri kupita kiasi."

Mchungaji alisoma jina la mtupaji wa kwanza. Njau aliachilia mkono wa Kinyanjui, akainama mwenyewe, akachota udongo kwa viganja viwili. Alikaa hivyo ukingoni muda mrefu, kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza hodi mlangoni. Watu walianza kutazamana. Mchungaji alipiga hatua.

"Karibu, Gachanja," mzee alisema, akafungua mikono.